Kifo cha Mnyapara, Kama Nilivyokiandika Mimi

Mwanaisha, Bi Saumu ameniambia kwamba kuanzia Ijumaa ijayo wewe ndiye utakayekaa nyuma ya khanga. Basi nakuachia maelezo ya kazi, kwa sababu mimi nimestaafu. Nina miaka kumi na saba na nimestaafu, ucheke ukitaka. Wakubwa wakistaafu huwasimulia wadogo zao vyeo walivyopanda. Mimi sikupanda popote. Nilikaa kwenye kigoda kilekile tangu kidato cha kwanza mpaka mwaka huu nilipomaliza cha nne, na kigoda chenyewe mguu mmoja ni mfupi. Weka kipande cha kifuu chini yake, upande wa ukutani, la sivyo mistari yako yote itateremka kama inakwenda pwani.

Najua ungependa nikueleze kwa mdomo. Nisingeweza. Umeshaniona: mtu akinisalimia njiani namjibu nikiwa nimeshampita. Ndiyo maana kazi hii ilinifaa, na ndiyo maana pia niliiharibu, kama utakavyosoma.

Wewe umekuja Kigombe juzi tu kutoka Mkwaja, hukumkuta Mjomba Bakari akiwa kazini, kwa hiyo nianze naye. Ni ndugu yake mama. Ndiye aliyekuwa mtafsiri wa filamu kwenye banda la video la shangazi yako Bi Saumu. Filamu inaongea Kiingereza, yeye anapunguza sauti ya runinga, anashika maiki na kuwa watu wote: jenerali, mke wa jenerali, mtoto, mpaka mbwa. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokotaokota. Vitisho na mapenzi alivijua vizuri, na vilivyobaki alivitunga. Watu walimpenda hivyohivyo mpaka wanafunzi wa sekondari walipoanza kucheka kutoka benchi la nyuma. "Mjomba, hajasema hivyo huyo!" Bi Saumu akasema atafutwe mtu anayejua Kiingereza. Mama akanitaja mimi. Darasani nilikuwa naongoza Kiingereza, kwa sababu mtihani wake ni wa kuandika na kalamu haikuangalii usoni.

Siku ya kwanza niliwekwa pembeni ya mjomba, mbele ya mabenchi yote. Wavuvi, wakata mkonge wa kambini, watoto, wote wananitazama mimi badala ya filamu. Kalamu ikanianguka. Nikainama kuiokota, sikuinuka tena, nikawa pale chini najifanya naitafuta. Mjomba alitoka nje, akarudi na khanga ya mkewe, misumari miwili na jiwe. Akaitundika ile khanga kwenye pembe, akaniingiza nyuma yake na kigoda.

"Haya," akasema. "Sasa hakuna anayekuona. Niambie, yule mzungu kasema nini?"

Nikamnong'oneza. Akasema kwenye maiki. Watu wakacheka mahali pa kucheka. Tangu siku ile sijapata kukaa mahali pazuri kuliko pale, na sidhani kama nitapata.

Sasa vifaa. Daftari ni lile kaunta buku la jalada jekundu. Kushoto unaandika dakika, katikati nani anaongea, kulia maneno. Ijumaa ukitoka shule unaiangalia filamu peke yako na kuandika, Jumamosi baada ya alasiri ndiyo watu wanaingia, na Jumapili inarudiwa kwa ajili ya wale wa kanisani. Rimoti ina kitufe kimoja kimezama, kibonyeze kwa ncha ya kalamu. Maiki imevikwa soksi. Ifue, mimi nilikuwa nasahau. Andika sentensi fupi. Sentensi isiyomalizika kwa pumzi moja mtafsiri ataikata mwenyewe, na ataikatia palepale penye maana. Usiandike vichekesho, ana vyake. Wakibusiana acha nafasi tupu. Mjomba alikuwa anasema, "Hapo wanasalimiana kikwao," na wazee wanatazama mabati.

Kuna filamu zilizonitesa. Kuna moja ya mahakama, saa mbili nzima mawakili wanabishana habari za mkataba. Niliandika kila neno kwa uaminifu, na watu wakatoka mmoja mmoja mpaka tukabaki na mtoto aliyelala. Jumapili mjomba aliingiza wizi wa mbuzi katikati ya kesi na banda likajaa. Nilinuna wiki nzima. Nilikuwa nataka kila kitu kiwe kama kilivyosemwa. Kumbuka hilo, kwa sababu ni mimi huyuhuyu.

Nilikuwa kidato cha pili filamu ya masokwe ilipofika. Kitaalamu ni sokwe, lakini bandani waliitwa manyani, na ukisahihisha mtu utarushiwa ganda la korosho. Ni hadithi ya kubuni ya miaka inayokuja. Watu wamewatia masokwe dawa ya akili ili wawalimie shamba moja kubwa lisilo na mwisho, na mashine zinaruka juu kuwachunga. Masokwe wanakata majani marefu, wanafunga vitita, wanapanga kwa mistari. Wakata mkonge wetu walipoona hivyo walinyamaza kwanza, halafu wakalipuka. "Kambini kwetu huko! Wee, mtazame yule, si fulani yule?" Kuna sokwe mmoja mzee, sikio lake la kushoto limekatwa nusu, amepewa kiboko awasimamie wenzake. Jina lake la Kiingereza hakuna aliyelitaka. Dakika ya kumi lilishatoka benchi la nyuma: Mnyapara.

Sasa lazima nikueleze habari za Mzee Hiza.

Mzee Hiza ni Msambaa, Mlutheri, na alikuwa mnyapara kwelikweli, miaka mingi, kwenye shamba moja la mkonge huko bara ambalo siku hizi ni pori. Kitita kikipungua jani moja alikuwa anakikataa, na siku ya mtu inakuwa imekwenda bure. Baadhi ya wale aliowakatalia vitita, na watoto wao, walikuja kuishi kambi ya hapa. Naye alipozeeka akaja kukaa hapahapa, chumba kimoja, peke yake, binti yake yuko Bumbuli. Watoto walimwamkia shikamoo kwa sababu mtoto lazima aamkie. Wakubwa walimpita. Kwenye misiba alikaa mwisho wa jamvi na hakuna aliyemsogelea. Bandani alikaa benchi la mlangoni, penye upepo wa vumbi.

Filamu ile ilikuwa ndefu, na ndefu Bi Saumu huwa anazikata mbili: nusu wiki hii, nusu wiki ijayo. Mimi nilikuwa naangalia nusu inayohitajika tu, sikuwa na desturi ya kutangulia. Nusu ya kwanza inaishia pale Mnyapara anapokitupa kiboko na kufungua lango la shamba, wenzake watoke. Banda zima lilisimama. Makame, yule mzamiaji wa pweza mwenye sauti kama honi ya lori, akageukia mlangoni.

"Mzee Hiza! Na wewe ungefungua lango?"

Nilisikia jenereta tu. Nilitazama kwenye tundu la khanga, na Mzee Hiza alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Ningechelewa," akasema. "Lakini ningefungua."

Mtu mmoja akacheka, si kwa ubaya, halafu wote wakacheka. Makame akasogea kidogo kwenye benchi lake, la pili kutoka mbele, akapiga ubao kwa kiganja. "Njoo ukae huku, Mnyapara wetu. Huko mlangoni utashikwa kichomi."

Akaja. Akakaa. Wiki ile yote nilimsikia akiitwa njiani, "Mnyapara, za asubuhi," na yeye anaitikia kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

Ijumaa iliyofuata niliangalia nusu ya pili. Mwishoni Mnyapara anapigwa na ile mashine ya angani. Anajivuta mpaka chini ya tangi la maji, anafumba macho, anakufa. Wenzake wanakuja, wanakaa kumzunguka, na filamu inaisha hapo. Hakuna anayesema neno, karibu dakika mbili nzima.

Nafasi tupu kwenye daftari mjomba alikuwa haipendi. Alisema maiki ikinyamaza watu wanadhani umeme umekatika. Kwa hiyo ilinipasa kuandika kitu. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Nilimfikiria Mzee Hiza kwenye benchi la pili. Nikaandika, kwa mkono wangu, dakika kushoto, katikati sikuandika jina la mtu, na kulia: *Mnyapara hajafa. Amelala. Wenzake wanalinda usingizi wake.*

Mjomba alipoisoma alinitazama.

"Hapa kasema nani?"

"Hakuna aliyesema."

"Na huyu mbona amekufa?"

"Amefumba macho tu, mjomba."

Alijikuna kidevu. "Haya," akasema. "Wewe ndiye msomi."

Jumamosi akaisema, na alipoona watu wanavuta pumzi akaongeza yake. Kwamba Mnyapara atazinduka, atapelekwa msitu wa Amani kutafutiwa mizizi, atarudi na jeshi. Dakika mbili zile zote alizijaza. Watu walitoka nje wanaimba. Mimi nyuma ya khanga nilikuwa na raha ambayo nikiikumbuka sasa natamani kujificha.

Kwa miaka miwili Kigombe haikuwa na mazungumzo mengine, au mimi ndiye sikusikia mengine. Barazani kwa muuza kahawa walibishana sehemu ya pili itakuwaje. Makame aliapa Mnyapara atarudi na meno ya chuma. Watoto walikunja sikio moja na kutembea hivyo. Mama mmoja wa kambini, Mkatoliki, alisema atafufuka siku ya tatu, na wavuvi wakamwambia, "Mama, huyo ni nyani, usituchanganyie." Na katikati ya baraza, siku hizo, alikuwa anakaa Mzee Hiza. Walikuwa wakimtaka aamue ubishi, wakimuuliza, "Wewe Mnyapara, unaonaje?" Msiba ulipotokea kambini nilimwona mwenyewe jamvini, ameegemeana bega na mtu ambaye baba yake aliwahi kukataliwa vitita.

Alinikuta mara moja dukani. "Wewe si mtoto wa dada yake Bakari? Anarudi lini yule mwenzangu?"

"Shikamoo," nikasema. Ndilo jibu nililompa. Akaitikia marahaba akaenda zake.

Mwaka huu sehemu ya pili ikafika, kwenye flashi, kutoka Tanga mjini. Bi Saumu aliandika bango kabla hata sijaifungua: MNYAPARA ANARUDI. Alilibandika penye nguzo ya soko. Ijumaa nikakaa, nikafungua ukurasa mpya, nikabonyeza kile kitufe kwa kalamu.

Filamu inaanza na mazishi. Masokwe wamemlaza Mnyapara juu ya vitita vya majani. Kamera inakaribia mpaka sikio lile lililokatwa linajaa kioo kizima. Halafu sokwe kijana anapanda juu ya jiwe, anasema. Niliandika kila neno, yapo ukurasa wa kwanza wa ile sehemu: *Msimlilie. Alitupiga kwa niaba yao. Lango alilifungua siku moja, kiboko alikishika miaka yote.* Wanaondoka na kumwacha pale. Baada ya hapo kwenye filamu yote hatajwi tena.

Nilikimbia nyumbani kwa mjomba nikiwa na sare ya shule. Alikuwa anatengeneza waya wa spika uani. Nilimweleza nikihema, na nikamwambia nimeshapata njia: tuseme yule maiti ni ndugu yake.

"Na sikio?" akauliza.

"Tuseme na ndugu yake alikatwa."

"Zuhura."

Nikaishika ncha nyingine ya waya.

"Watoto wa mji mzima wanatembea wamekunja sikio la kushoto. Unataka nisimame na maiki niwaambie wamekosea?" Aliuweka waya chini. "Na nikisema ni ndugu, yule kijana anasema nini pale juu? Nimtungie na yeye? Halafu wiki ijayo? Nimechoka kutunga, mwanangu. Nimefika umri huu sina kazi nyingine ila kutunga. Nisomee kilichopo."

"Watakasirika."

"Watakasirika, ndiyo."

"Na Mzee Hiza?"

Aliushika tena ule waya. Ningeweza jioni ile kwenda kwa Mzee Hiza kumwambia asije. Ni nyumba ya sita kutoka kwetu. Nilifika mpaka kwenye ua wa jirani yake, nikamwona anapiga pasi koti lake la kanisani kwa ajili ya kesho, pasi ya mkaa, anaipuliza. Nikarudi.

Jumamosi watu walikaa mpaka chini. Mjomba alianza kwa sauti yake ya kawaida. Sikio lilipojaa kioo, banda zima liliguna. Akasema, "Mnyapara amekufa." Akasoma maneno ya sokwe kijana bila kupunguza wala kuongeza, na mimi nikijua ni mara yangu ya kwanza kusikia sentensi zangu jinsi zilivyo.

Halafu zikaanza kelele.

"Hii siyo sehemu ya pili! Hii imetengenezwa, wamebandika kichwa!"

"Si ulisema yuko Amani?"

"Rudisha nyuma, rudisha nyuma tuone vizuri!"

"Tumemuona! Rudisha nyuma ya nini?"

Makame alikuwa amesimama juu ya benchi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumia hasa, nakwambia kweli, sikujua mtu mzima anaweza kuumia hivyo kwa ajili ya filamu. "Miaka miwili tunamngoja maiti, Bakari! Miaka miwili! Nani alikwambia yu hai?"

Hapo ndipo, Mwanaisha. Mjomba alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Khanga ilikuwa mbele ya pua yangu. Nilishaushika upindo wake. Nilikuwa na maneno tayari, mafupi, ya pumzi moja, kama ninavyokushauri: *Niliandika mimi.*

"Nilisema mimi," mjomba akajibu. Hakutazama pembeni hata kidogo. "Niliona vibaya."

Nikauachia upindo.

Makame alikuwa bado ana hasira na hana pa kuipeleka. Aligeuka, akamwona mzee kwenye benchi la pili na koti lake. "Umesikia, Mzee Hiza? Hata manyani wenzako wamekukana."

Watu walicheka. Kilikuwa kicheko cha kupitisha aibu tu, na wengi wao nadhani walijuta kabla hakijaisha, lakini kilichekwa. Mzee Hiza hakutoka. Alikaa mpaka filamu ikaisha, karibu saa mbili, hadithi ambayo ndani yake hakuwemo tena. Alipotoka alipita kando ya benchi la mlangoni, akaligusa kidogo kama anapima kama lina vumbi. Kwenye shajara yangu siku ile nimeandika tarehe tu.

Mjomba alijaribu Jumamosi mbili zaidi. Kila akisema mtu amekufa, banda lote linaitikia, "Kweeeli?" Lilikuwa neno la mchezo mji mzima. Kuku wa mtu akifa wanamuuliza, "Amekufa kufa, au amekufa kwa Bakari?" Jumamosi ya tatu aliivua maiki soksi, akaiweka mezani, akamshukuru Bi Saumu. Sasa yuko Pangani anatengeneza injini za boti. Hajanilaumu. Siku aliyoondoka aliniuliza tu mbona sili. Ningependa angenilaumu.

Barazani walipoa, maana watu hupoa. Wengine wakaanza kusema sehemu ya pili si mbaya, yule kijana ana hoja, wakabishana upya. Lakini Mzee Hiza hakurudi barazani. Mara mbili walimwita, akasema ana kikohozi.

Nilipomaliza mtihani wa mwisho nilibeba kaunta buku nikaenda kwake. Nilisimama mlangoni mpaka aliponiona. Nilimwamkia, nikafungua ukurasa, nikamwonyesha kwa kidole. Akasema macho yake hayaoni maandishi, nisome. Nikasoma. *Mnyapara hajafa. Amelala. Wenzake wanalinda usingizi wake.* Nikasema, "Haya niliyaandika mimi, babu. Kwenye filamu hayapo. Mjomba alisoma tu."

Nilidhani atanifukuza, na nilitaka anifukuze.

"Kwa hiyo ile ya kwanza alikufa."

"Ndiyo."

"Palepale kwenye tangi."

"Ndiyo, babu."

"Na wale waliokuja kukaa. Walikuja kumlinda?"

"Walikuja kwa sababu amekufa."

Aliinua uso. "Walikuja vipi? Pamoja?"

Nikafikiri. "Mmoja mmoja."

"Basi hawakuletwa," akasema. "Watu wakiletwa wanakuja kwa mstari. Nimewaleta watu, najua." Alipangusa magoti yake kama kuna makapi. "Walikaa wangapi?"

Sikujua. Dakika mbili zile nilizifunika kwa sentensi yangu, na mjomba akazifunika kwa yake, na bandani kote hakuna aliyetazama. Sisi tulikuwa tunasikiliza Amani na mizizi. Wale aliowapiga walikuja kumkalia matanga, ilikuwa pale mbele yetu, na mimi nikasema amelala.

"Sikuhesabu, babu."

"Hukuhesabu?" Alinitazama kwa mshangao kabisa, kama mtu aliyeambiwa nimesahau kuvaa viatu. "Mtu anakaa na kalamu mkononi na hahesabu?"

Nilimwambia nitahesabu nimletee. Akasema, "Ukipata nafasi."

Ilinichukua siku tano, kwa sababu Bi Saumu alikuwa amefunga banda na alikuwa kwenu Mkwaja, ndiyo safari aliyorudi na wewe. Alipofungua nilihesabu, nikasimamisha picha, nikahesabu tena, mara tatu. Nikaenda mbio. Chumba kilikuwa na kufuli. Jirani akasema binti yake amekuja kumchukua juzi, kikohozi kimezidi, wameenda Bumbuli. Namba ya simu anayo Makame. Nimepita mbele ya Makame mara nne tangu siku hiyo. Mara ya mwisho nilisimama. Akasema, "Unasemaje, binti?" Nikamwamkia, nikapita.

Kwa hiyo nakuachia wewe, unayeongea na watu kama kunywa maji, nilikusikia sokoni. Bi Saumu anataka kuionyesha ile ya kwanza tena Idi, pamoja na mtafsiri mpya kutoka Muheza. Ukifika dakika zile mbili za mwisho, ile nafasi ya kulia iache tupu. Mtafsiri akilalamika kwamba watu watadhani umeme umekatika, mwambie wadhani. Sentensi yangu nimeifuta kwa kalamu nyekundu lakini bado inasomeka. Usiisome.

Halafu muombe Makame namba. Ukimpata Mzee Hiza, mwamkie kwanza, mwambie ni kutoka kwa Zuhura wa banda la video, nimehesabu. Wamekaa kumi na tisa. Kuna mwingine nyuma kabisa, karibu na lango, yeye amesimama na hakai mpaka filamu inaisha. Mzee anaweza kukuuliza habari zake, na utatamani kumwambia yule naye alikaa baadaye. Mwambie kumi na tisa, na mmoja amesimama. Usimkalishe.